Ibada Imeahirishwa

Jumapili ya pili ya Januari, Winnipeg,
nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
na upepo ambao hauna hesabu.
Funguo za kanisa ziliniuma vidole
kama mtoto aotaye meno.

Kanisa si letu. Tunapewa ukumbi wa chini
Waukraine wakishamaliza kuimba juu,
saa nane mpaka saa kumi,
dola sitini, na tuache sinki safi.
Ukutani watakatifu wao wenye macho makubwa
hututazama tukipanga viti
kama wenye nyumba wasiojua Kiswahili
ila wanamjua mgeni.

Nilipanga viti arobaini.
Nikaondoa kumi. Nikavirudisha.
Saa nane kasorobo nikatoa simu:
*Wapendwa, kwa sababu ya theluji
ibada imeahirishwa. Mungu awabariki.*
Amina zikaja, moja, mbili, kumi na moja,
nami, niseme kweli, moyo ukatulia
kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu anaumwa.

Maana nilikuwa nimekuja nusu.
Nusu nyingine niliiacha kiwandani,
kwenye mkanda wa nyama usiosimama,
kwenye mkopo wa gari,
kwenye maneno niliyomwambia mke wangu Alhamisi
ambayo bado hayajapoa.
Miaka mitatu sasa naleta nusu.
Naipiga pasi, naifunga tai,
naikalisha kiti cha mbele.

Nilikuwa nazima taa ya jikoni
mlango uliposukumwa.

Esperanse Nabintu.
Kope nyeupe, skafu imeganda mdomoni.
Ametembea kutoka Mtaa wa Sargent, mabasi yamelala.
Hakunisalimu. Alikaa kwenye ngazi,
akavua buti la kwanza, akapumzika, la pili,
akatoa kwenye mfuko wa plastiki
viatu vyeusi vya kisigino kifupi,
akavifuta kwa ncha ya kitenge,
akavivaa taratibu
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Hukupata ujumbe, mama?"
"Niliupata. Niliusoma nikiwa darajani."
Akasimama. Akaijaribu sakafu kwa kisigino.
"Nikatazama aliyeahirisha ni nani.
Nikaona ni wewe."

Nilikuwa na ile aya ya wawili watatu ulimini,
ile tunayoitoa kama noti ya akiba
siku watu wakiwa wachache.
Nikaimeza.
Huyu hakuja kuhesabiwa.

Hakwenda mbele. Alikaa pale pale pake,
safu ya tatu, karibu na bomba la joto,
viti thelathini na tisa vikimsikiliza.
Akaanza wimbo bila kinanda,
juu mno kwa sauti yake,
akashuka, akaanza upya, bila aibu,
kama anayetafuta swichi gizani
chumbani mwake mwenyewe.
Kisha akafumba macho:
"Bwana, nimefika. Miguu siihisi,
lakini ni yako hiyo hiyo."
Halafu kimya. Kimya kirefu.
Nikasikia jokofu la Waukraine likinguruma.
Nikangoja aongeze neno. Hakuongeza.

Ilipofika zamu yangu
niliyatafuta maneno ya kila wiki,
yale yanayojua njia yenyewe,
nikakuta hayapo, yameahirishwa nayo.
Nikataja jina la mke wangu.
Nikataja Alhamisi.
Sauti iliyotoka sikuwa nimeipiga pasi.

Tulimaliza saa kumi kasoro dakika chache.
Alivirudisha viatu mfukoni, kimoja kimoja,
akasema, "Jumapili basi," akaondoka,
hata lifti ya gari alikataa mara mbili
kabla ya kukubali ya tatu, nami nikamwambia angoje.

Sinki lilikuwa safi.
Mlangoni mabuti yake yalikuwa yameacha dimbwi,
dogo, la kutosha uso mmoja.
Nikachukua kitambaa, nikapiga magoti nilifute.

Nikakawia pale.